Mwepesi Si Mwizi

Neno ambalo mwalimu hulisikia kuliko yote katika kiwanja cha michezo si "goli" wala si "pasi". Ni "si haki". Aliyeshindwa mbio husema si haki kwa kuwa mwenzake ana raba naye yu peku. Aliyepigwa chenga husema si haki kwa kuwa mwenzake alijifanya anakwenda kulia, kumbe anakwenda kushoto. Malalamiko haya mawili hutamkwa kwa maneno yaleyale na kwa machozi yaleyale, lakini hayafanani. Lile la kwanza linastahili kusikilizwa, maana raba zilinunuliwa dukani na mzazi wa mmoja. Lile la pili halina kesi. Anayelia apelekwe akafundishwe kukaba. Kwa miaka yote niliyopuliza filimbi kwenye mashindano ya shule, kwanza nikiwa mwalimu wa kawaida na baadaye nikiwa mwalimu mkuu, kazi yangu kubwa ilikuwa hiyo: kutenganisha raba na chenga.

Sikutazamia kwamba katika uzee wangu ningeikuta kesi hiyohiyo ndani ya simu. Mjukuu wangu mmoja, kijana wa kidato cha nne, aliingia katika shindano dogo la mtaani la Call of Duty, ule mchezo wa kufyatuliana risasi unaochezwa kwenye simu kwa njia ya intaneti. Kila mshiriki alitoa kiingilio, na mshindi alikuwa achukue fungu kubwa la fedha hizo. Kijana alishinda mechi zote. Fedha hakupewa. Mwandaaji, ambaye simtaji, alisema kijana hapigani kama watu: kila kona anateleza kwa magoti, anaruka, anafyatua akiwa hewani, anajitupa chini, hasimami mahali wenzake wampate. Zawadi akapewa mtu wa pili. Fedha zile hazikuwa nyingi, lakini neno lililobaki mtaani lilikuwa zito. Wenzake walianza kumwita mwizi. Nami nimewalea vijana wa kutosha kujua kwamba kijana wa umri ule akiitwa mwizi asubuhi na jioni, moja kati ya mambo mawili hutokea. Ama huacha kujifunza kitu chochote kwa bidii, ama husema moyoni: kama naitwa mwizi bure, basi na niibe kweli.

Aliponijia nilimwambia kwamba mwamuzi hatoi hukumu kabla hajaijua kesi. Akacheka. "Babu, mambo haya utayajulia wapi?" Nikamjibu kwamba Pythagoras ni mzee kuliko mimi na bado tunamtumia. Nilisema kwa utani tu. Sikujua kwamba nitamkuta huyo Pythagoras amesimama mlangoni mwa historia yenyewe.

Kwa faida ya wasomaji wa rika langu, nieleze kwanza ugomvi ulivyo. Katika michezo ya aina hii mchezaji huiona dunia kwa macho ya askari wake. Anahitaji ustadi wa namna mbili: kulenga na kujongea. Kulenga kila mtu hukuelewa. Kujongea ndiko kunakoleta maneno, kwa sababu tangu mwanzo wapo wachezaji waliogundua kwamba ukijua kucheza na mwendo, risasi ya mwenzako haikupati hata kama yeye ana shabaha kuliko wewe. Basi pakawa na kambi mbili. Moja husema mchezo wa bunduki ni wa shabaha, na anayerukaruka anakwepa mtihani. Nyingine husema kukwepa ni sehemu ya mtihani. Ugomvi huo una zaidi ya miaka 30, na umepita katika mikono ya watu wenye akili nyingi.

Mwezi wa Desemba 1993 kampuni ndogo ya id Software ya Texas, Marekani, ilitoa mchezo ulioitwa Doom. Ndani ya Doom, mtu aliyekimbia mbele alipewa nguvu ya mwendo ambayo programu iliihesabu kuwa 50, na aliyekwenda kwa ubavu kama kaa alipewa 40. Je, akibonyeza vyote viwili kwa pamoja? Programu ilijumlisha nguvu hizo mbili bila kuweka kikomo juu ya jumla yake. Hapo ndipo mtoto wa darasa la saba anapoweza kusahihisha kazi ya mhandisi. Mbele na ubavuni hukutana kwa pembe mraba, kwa hiyo kasi ya mshazari ni upande mrefu kuliko yote wa pembetatu: 50 mara 50 ni 2,500, 40 mara 40 ni 1,600, jumla ni 4,100, na kipeuo chake cha pili ni 64 na ushei. Mtu aliyekimbia mshazari alimzidi aliyekimbia wima kwa asilimia 28. Hakuongezewa kitu na mtu yeyote wala hakununua kitu. Aliujua mchezo vizuri zaidi kuliko mwenzake, basi.

Mwaka 1996 kampuni ileile ilitoa Quake, na hapo mambo yakawa makubwa. Jambo la kwanza lilikuwa mruko wa roketi. Mchezaji hulielekeza kombora lake chini ya miguu yake mwenyewe, akaruka na kulifyatua kwa wakati mmoja, na mlipuko humtupa juu ya ukuta ambao kwa miguu asingeupanda. Mruko huo una bei yake: mlipuko hula sehemu ya uhai wa mrukaji, akafika juu akiwa dhaifu. Kwa sababu hiyo hata waliouchukia walishindwa kusema sana, kwani mtu aliyelipa nauli hawezi kuitwa mdandiaji.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi, nalo ndilo mzizi wa ugomvi wote uliofuata. Programu ya Quake ilimwekea mchezaji kikomo cha kasi, lakini kikomo kile kilipimwa katika upande ule tu ambao mchezaji anaomba kwenda, si katika kasi yake yote. Ni kama karani wa mizani barabarani anayepima magurudumu ya upande mmoja wa lori, akaliruhusu lipite. Mchezaji akiwa hewani, ambako miguu haisuguani na ardhi, akaomba kwenda pembeni huku akigeuza uso wake taratibu kwa kipanya, programu hupima kasi yake katika upande ule mpya, huiona bado ni ndogo, na humwongezea. Akigeuka tena huongezewa tena. Akitua na kuruka papo hapo, kabla msuguano wa ardhi haujamkamata, kasi ile hubaki naye. Kwa mtindo huo mtu aliweza kuvuka uwanja kwa kasi iliyozidi kabisa ile iliyokusudiwa, akirukaruka kama sungura. Wachezaji wakauita hivyo, mruko wa sungura, na ndugu yake wakamwita mruko wa ubavu.

Ndugu msomaji asidhani kwamba ni jambo la kubonyeza kitufe na kungoja. Kijana alinionyesha mchezo mmoja wa ukoo huo kwenye kompyuta ya rafiki yake. Mkono wa kushoto hubadilisha vitufe, wa kulia hugeuza kipanya kwa upole, na kidole hubonyeza kuruka kwa wakati ule hasa ambao mguu unagusa chini. Mkono ukiwahi au ukichelewa kidogo, kasi yote hupotea. Nilipomtazama nilikumbuka watoto wanaojifunza kuruka kamba mbili kwa pamoja: wiki ya kwanza ni vicheko na kujikwaa, wiki ya nne ni ngoma.

Mwaka 1997 paliandaliwa mashindano ya Quake yaliyoitwa Red Annihilation, na fainali zake zikafanyika Atlanta, Marekani. Aliyeshinda alikuwa Dennis Fong, anayejulikana kwa jina la mchezo la Thresh. Zawadi yake ilikuwa gari aina ya Ferrari, mali ya John Carmack, mwandishi mkuu wa programu za id Software. Hivyo, kabla michezo hii haijawa na viwanja vilivyojaa watazamaji, mtu alikwisha kuendesha gari kwenda nyumbani kwa sababu ya kuujua mchezo huo. Kuanzia hapo swali la haki halikuwa tena la watoto sebuleni.

Huyohuyo Carmack ndiye aliyetoa shtaka zito kuliko yote dhidi ya mruko wa ubavu. Mwaka 1999, alipokuwa akitengeneza Quake III Arena, aliandika hadharani kwamba mruko ule ni kasoro ya programu, na kwamba watu kuwa wameufanyia mazoezi makali hakuufanyi uwe halali. Akajaribu kuuondoa. Alipouondoa aligundua kwamba hata kukimbia kwa kawaida kukawa na ladha mbaya, kana kwamba mtu anatembea katika matope. Akaurudisha. Mchezo ulitoka Desemba ile ukiwa na kasoro yake, na maandiko ya programu hiyo yalipotolewa kwa umma mwaka 2005, kila mwenye macho aliona njia zote mbili zimeandikwa humo: ile inayotumika, na pembeni yake ile iliyo sahihi, ikiwa na maelezo mafupi kwamba inazuia kasoro ya mruko lakini haipendezi kuchezwa.

Nimelitafakari sana shtaka la Carmack, kwa sababu limegusa imani moja ya walimu. Sisi huamini kwamba jasho linatakasa. Mtoto aliyejifunza jambo kwa taabu, moyo wetu humwelekea. Lakini Carmack ana hoja. Hata mwizi wa mfukoni hufanya mazoezi, tena makali, na vidole vyake ni vyepesi kuliko vya mshona nguo. Bidii peke yake haiwezi kuwa ushahidi wa haki. Panahitajika kitu kingine.

Hata hivyo sikubaliani na upande wa pili wa hoja yake, kwamba jambo ambalo mtengenezaji hakulikusudia ni haramu kwa sababu hiyo tu. Kama kukusudiwa ndiyo sheria, basi michezo mingi tunayoipenda ingekuwa imefungwa. Mwaka 1968, katika Olimpiki ya Mexico, Mmarekani Dick Fosbury aliruka juu kwa kuigeuzia miti mgongo, jambo ambalo halikuwa desturi ya warukaji, akashinda kwa mita 2.24. Sheria ilimtaka aruke kwa mguu mmoja, naye aliruka kwa mguu mmoja. Njia ilikuwa wazi kwa kila mwenye mgongo, na baada ya miaka michache karibu warukaji wote wakubwa wakaifuata. Mfano wa pili ni wa maji. Katika Olimpiki ya Seoul ya 1988, waogeleaji wa mtindo wa mgongo walipiga mbizi na kwenda chini ya maji sehemu kubwa ya njia, kwa kuwa huko ukinzani ni mdogo. Daichi Suzuki wa Japani alishinda mita 100 hivyo, akimtangulia David Berkoff wa Marekani ambaye naye alitumia njia hiyohiyo. Baada ya michezo ile wakuu wa mchezo waliona kwamba mashindano ya kuogelea yanageuka kuwa ya kupiga mbizi, wakaweka kikomo cha umbali wa chini ya maji. Leo kikomo hicho ni mita 15. Lakini medali ya Suzuki haikunyang'anywa. Sheria ilitazama mbele, haikurudi nyuma kumtafuta mtu.

Mfano huo wa kuogelea unafanana kabisa na yaliyotokea kwa Counter-Strike. Mchezo huu ulizaliwa mwaka 1999 mikononi mwa vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, juu ya programu ya Half-Life ya kampuni ya Valve, ambayo nayo ilijengwa juu ya programu ya Quake. Kwa hiyo ulirithi mruko wa sungura kama mtoto anavyorithi pua ya babu. Lakini Counter-Strike haukuwa mchezo wa kukimbia. Ulikuwa mchezo wa kuvizia na kusubiri, ambamo anayefyatua huku anatembea hukosa shabaha. Mtu anayeruka uwanja mzima kama sungura aliharibu hesabu yote ya mchezo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watengenezaji wakaweka kikomo: anayetua na kuruka akiwa amezidi kiwango fulani cha kasi, kasi yake hukatwa. Walalamikaji walikuwapo, lakini kikomo kilimkuta kila mtu kwa siku moja, na hakuna aliyeambiwa kwamba ushindi wake wa mwaka uliopita ulikuwa wizi.

Wakati huohuo mchezo mwingine ulikwenda njia ya kinyume. Starsiege: Tribes, uliotoka mwishoni mwa 1998, ulikuwa na viwanja vya milima na mabonde. Wachezaji wakagundua kwamba ukirukaruka mfululizo wakati wa kuteremka mlima, ardhi haikupunguzii kasi, na unateremka kama mtu anayeteleza juu ya theluji. Hilo pia halikukusudiwa. Watengenezaji wa Tribes hawakulikata. Walilikubali, na katika michezo ya baadaye ya ukoo huo, kama Tribes: Ascend wa 2012, kuteleza kukawa na kitufe chake na kufundishwa kwa kila mgeni siku ya kwanza. Siri ya wachache ikawa mali ya wote. Naona hapa kwamba njia hizi mbili, ya kukata na ya kukubali, zote zilikuwa za haki. Mwendo haukuwa na dhambi ndani yake wala utakatifu. Haki ilitoka katika jinsi uamuzi ulivyofanywa.

Kesi ya karibu zaidi, na ngumu zaidi, ni ya Apex Legends, mchezo wa kampuni ya Respawn uliotoka Februari 2019. Nao ni wa ukoo wa Quake kwa mbali. Humo wachezaji wa kompyuta waligundua kwamba wakiwa hewani, wakifunga amri ya kwenda mbele kwenye gurudumu la kipanya na kulizungusha haraka, wanaweza kukata kona kali hewani bila kupoteza kasi. Adui anakutazama ukija kushoto, ghafla uko nyuma yake. Mwaka 2021 Respawn ilitangaza kwamba itaondoa mtindo huo na ikatoa sababu zake: kwamba hauwezi kufikiwa na wote, kwamba anayeshambuliwa hawezi kuusoma wala kuujibu, na kwamba unazidi makali ukichanganywa na uwezo mwingine wa mwendo. Uondoaji ukaahirishwa kwa sababu ulileta matatizo ambayo hayakutarajiwa, na mtindo ukabaki. Mwezi wa Januari 2025 walijaribu tena kuupunguza nguvu. Wachezaji wakapiga kelele, na baada ya siku chache mabadiliko yakarudishwa nyuma.

Hata kama kampuni haikufaulu, nazisifu sababu zake mbili za kwanza. Hakuna mahali iliposema "hatukukusudia". Ilisema wote hawaufikii na hauna jibu. Hiyo ndiyo lugha ya mwamuzi. Anayechezea padi hana gurudumu la kuzungusha, kwa hiyo hata afanye mazoezi mwaka mzima mlango huo umefungwa kwake. Hapa lalamiko la raba lina uzito. Ila mwenye kompyuta naye ana neno: mwenye padi hupewa na mchezo msaada wa kulenga, yaani programu humshika mkono kidogo shabaha inapomkaribia adui, na mwenye kipanya hapewi. Basi kila upande una raba ambayo mwingine hana. Katika hali hiyo kuvua raba za upande mmoja na kuziacha za upande mwingine hakufanyi mbio ziwe za haki.

Kisha likaja jambo la 2024, ambalo kwangu ndilo lililoifungua kesi nzima. Katika Counter-Strike, kwa kuwa anayefyatua akiwa katika mwendo hukosa, mchezaji hodari hujifunza kusimama ghafla: akiwa anakwenda kushoto huachia kitufe cha kushoto na kugusa cha kulia kwa kitambo kidogo mno, mwili hufunga breki, naye hufyatua katika nukta ile ya utulivu. Vidole huchukua miaka kujifunza nafasi hiyo baina ya kuachia na kugusa. Katikati ya mwaka 2024 kampuni ya Razer ilileta kwenye kibodi zake uwezo ulioitwa Snap Tap, na kampuni ya Wooting nayo ilikuwa na kitu cha namna hiyo. Kwa uwezo huo kibodi yenyewe hulikata agizo la zamani mara tu kitufe cha kinyume kinapoguswa, hata kama kidole cha kwanza hakijaachia. Yale ya miaka yakawa ya dakika, kwa bei ya kibodi. Mwezi wa Agosti mwaka ule Valve ilitangaza kwamba kwenye seva zake rasmi za Counter-Strike 2 hairuhusu tena vifaa au maagizo yanayofanya kazi hiyo badala ya mtu, na kwamba atakayegunduliwa ataondolewa kwenye mechi.

Tazama basi. Mwendo ni uleule. Kusimama ghafla kwa vidole ni halali na husifiwa. Kusimama ghafla kwa kibodi kukakatazwa. Aliyekwenda mbele za Valve akisema "lakini matokeo ni yaleyale" angekuwa sawa na mwanafunzi anayeleta jibu sahihi la hesabu lililofanywa na kaka yake. Jibu ni lilelile, lakini mtihani ulikuwa wa mwingine. Na hapa ndipo kitufe cha Tribes kinapotofautiana na kibodi ya Razer. Kitufe kile kilitolewa na mchezo kwa wote, na kila mtu akajua kwamba mtihani umebadilika. Kibodi ilinunuliwa na mmoja, na mtihani ukabaki uleule kwa wengine.

Lipo jambo moja zaidi ambalo sharti nilieleze, kwa sababu wanaolia kwamba wamepigwa na mtu wa mbio aghalabu huwa na ukweli wasioujua. Habari za intaneti huchukua muda kusafiri. Aliyejibanza konani akisubiri hajongei, kwa hiyo anayekuja humwona pale alipo. Lakini habari ya anayekuja humfikia aliyejibanza ikiwa imechelewa. Mchezaji wa Counter-Strike mwenye bunduki ya AK-47 hukimbia vipimo 215 kwa sekunde, na mwili wake huhesabiwa kuwa na upana wa vipimo 32. Habari ikichelewa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, mkimbiaji amekwisha kusogea vipimo 21 na nusu, yaani theluthi mbili za mwili wake zimetoka konani kabla aliyejibanza hajaona hata kiwiko. Yahn Bernier wa Valve alieleza mwaka 2001 jinsi seva zinavyosawazisha ucheleweshaji kwa kuhesabu risasi kama mfyatuaji alivyoiona dunia, na akakiri kwamba usawazishaji huo una hasara zake. Mtandao basi humpa mwenye mwendo zawadi ambayo hakuitolea jasho. Kwetu huku, ambako mara nyingi seva iko mbali, zawadi hiyo ni kubwa zaidi. Anayelia ana haki ya kulia, ila alilie umbali wa seva na si tabia ya mwenzake.

Sasa nadhani kesi imekwisha kujulikana vya kutosha. Mbele ya mwendo wowote unaotiliwa shaka, mwamuzi ajiulize mambo haya. Je, njia ya kuujifunza iko wazi kwa kila aliyekaa mezani, au inahitaji kifaa ambacho wengine hawana? Je, aliyeshambuliwa ana jibu lolote, hata kama ni gumu? Je, kazi imefanywa na mkono wa mchezaji au na mtambo? Na je, sheria inayomhukumu ilitangazwa kabla ya mchezo? Mjukuu wangu alicheza kwa simu kama wenzake wote. Kuteleza na kuruka ni vitufe vilivyomo katika mchezo, na kila mshiriki alikuwa navyo chini ya kidole chake. Jibu lilikuwapo: kurudi nyuma, kumvizia pale anapotua, kutomfuata konani. Vidole vilikuwa vyake. Na karatasi ya masharti haikuwa na neno hata moja juu ya kuruka. Ile ilikuwa chenga, si raba. Nilimwendea mwandaaji nikamweleza hivyo kwa heshima. Fedha hazikurudi, lakini alikubali kusema mbele ya vijana kwamba hakuna kilichoibwa, na kwangu hilo lilikuwa kubwa kuliko fedha.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini mzee ahangaike hivi kwa ajili ya mchezo. Nahangaika kwa sababu vijana wetu wengi leo hukutana na mwamuzi kwa mara ya kwanza humo humo. Wakiona kwamba aliyegundua njia mpya huitwa mwizi, na aliyenunua mkono wa chuma huitwa hodari, watakwenda na fundisho hilo kazini, sokoni na katika chumba cha mtihani. Mwenye kuandaa mashindano ana mamlaka ya kukataza lolote. Akitaka, akataze kuruka, akataze kuteleza, awaagize wote wasimame wima kama nguzo za umeme. Mchezo utakuwa mwingine, lakini hautakuwa dhuluma. Ila ayaandike hayo kwenye karatasi moja, aibandike mlangoni, na aibandike kabla hajapokea kiingilio cha mtu wa kwanza.